Kufuli kwenye Mlango wa Clem

Noelene ndiye aliyenipa habari, nikiwa naanika mashuka ya kambi. Alikuja na kikombe chake cha chai kama kawaida yake, akasimama upande wenye kivuli, akasema yule mzee Clem Trewartha anamfungia mkewe ndani kwa kufuli. Amemwona kwa macho yake akitoka kuoga, akachomoa ufunguo mfukoni, akatazama huku na huku, akafungua.

"Mwanamke wa watu anafungiwa kama mbwa mkali," akasema. "Na sisi kila asubuhi tunampungia mkono, habari za leo Clem, nzuri, basi yameisha."

Nikamwambia labda anaogopa wezi. Noelene akanitazama kwa huruma.

"Wezi gani, shoga? Wewe mwenyewe unaacha mlango wazi na mtoto amelala."

Hilo ni kweli. Kambi yetu iko ukingoni mwa Mto Murray, na kitu pekee kinachoibwa hapa ni biskuti, na mwizi ni kasuku. Mimi na binti yangu Tilly tunakaa kwenye kibanda kilicho karibu na mabafu, kwa sababu ndiyo ninayosafisha. Noelene ni jirani yangu. Karavani yake, nyumba ya kuvutwa na gari, haijasogea tangu mumewe alipofariki, na magurudumu yameshazama mchangani. Wengine wote ni wapitaji. Ni wazee waliokwisha kulea, wakauza nyumba zao au kuwaachia watoto, wakafunga karavani nyuma ya gari na kulifuata jua. Wakati wa baridi wanakwenda kaskazini. Kiangazi kikianza wanarudi mtoni, na kila Krismasi kundi la Clem linakutana hapa kwetu, kila mtu na kiti chake cha kukunja ambacho mwingine hakikalii.

Lakini nilikuwa najua mambo mengine kuhusu Clem ambayo Noelene hakuyajua.

Nilimjua kwenye chumba cha kufulia. Siku ya kwanza alikuja na nguo za ndani za mkewe amezizungushia taulo, kama mtu aliyeficha samaki wa kuiba. Akasimama mbele ya mashine, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Nikamsaidia bila kumtazama usoni. Baada ya hapo akawa anakuja nikiwepo, na wakati mashine inazunguka alikuwa anaongea, huku Tilly amemshika kidole.

Maisha yake yote alifanya kazi kwenye maghala ya ngano, huko Wimmera, akipokea malori wakati wa mavuno. Mkewe, Valma, alikuwa karani wa posta. Clem alisema mwenyewe kwamba hajui njia. Akitoka nje ya mji wao alikuwa anapotea kama kuku aliyetolewa kwenye gunia. Valma ndiye aliyekuwa anashika ramani. Walizunguka nchi nzima hivyo, yeye akikanyaga mafuta na Valma akisema kushoto, kulia, simama hapo, umeshapita, huyu mwanamume jamani. Siku moja barabarani Valma akanyamaza. Clem alipogeuka kumwangalia akamkuta ameshika ramani juu chini, machozi yanamtoka taratibu.

Mwaka ule haukupita Clem akawa anampikia, anamwogesha, anamchana nywele. Binti yao, Leanne, aliyeko Adelaide, alikuwa anapiga simu kila Jumapili na kumwambia baba yake kuna nyumba nzuri ya kutunzia wazee karibu naye, mama atapata kitanda. Clem anamwambia mama hajambo. Zamani, walipomzika mama yake Valma aliyefia katika nyumba kama hiyo, Valma alimshika koti akamwambia, wewe Clem, mimi usinipeleke huko. Akamwapia. Sasa alikuwa anakishikilia kiapo hicho kwa kumdanganya binti yake, na marafiki zake, na ninadhani na yeye mwenyewe kidogo. Leanne alikuwa amesema atakuja siku inayofuata Krismasi aone kwa macho yake.

Na kufuli? Hilo hakunieleza, lakini nililijua. Alfajiri moja nilikuwa napeleka ndoo za takataka nikamwona Valma ndani ya mto, na gauni la kulalia, maji yamemfika magotini, anatembea kuelekea kilindini kama anakwenda kazini. Clem alimfuata na viatu vyake miguuni. Hakuita. Alimshika mkono wakarudi. Mchana ule aliendesha mpaka dukani, akarudi na kufuli.

Mkesha wa Krismasi redio ikatangaza marufuku ya moto kwa kesho yake, joto kali na upepo wa kaskazini. Siku kama hiyo, kwa kuhofia moto wa nyika, huruhusiwi kuwasha chochote nje, hata jiko la gesi la kuchomea soseji. Wazee wakalalamika kidogo kisha wakafanya kama wanavyofanya kila mwaka: kila mmoja akatoa kikaango chake cha umeme.

Asubuhi ya Krismasi hewa ilikuwa kama ya mlango wa tanuri. Tulipanga meza ndefu kwenye banda la kupikia, chini ya feni. Kamba walikuwa kwenye sanduku la barafu, paja la nguruwe limefunikwa kitambaa, na kwenye kila sahani kuna ile fataki ya karatasi mnayovutana wawili, inalia pa, ndani mna taji na kichekesho kisichochekesha. Clem alimleta Valma, amemvalisha gauni la maua. Valma alipoona watu wamejaa akasimama, akasema anataka kwenda kwao. Joyce, mke wa Merv, akainuka kumbusu, Valma akamsukuma. Clem akasema ni kichwa, joto limempiga. Akamrudisha.

Nilimwona kwa mbali akiingia naye. Kiyoyozi chao kilikuwa kinanguruma vizuri, mapazia yameshushwa. Alikaa huko mpaka Valma akalala. Alipotoka alikuwa amebadilisha nguo, amevaa kaptula nyekundu yenye picha za kulungu ambayo Valma alimshonea zamani na ambayo kila Krismasi lazima aivae, wenzake wasipomwona nayo wanamzomea. Akasukuma kufuli kwa kiganja. Aina ile haihitaji ufunguo kufunga. Ukiisukuma inalia tu.

"Njoo ukate nyama, tumekungoja mpaka tumeoza," Merv akamwita. Merv ni rafiki yake tangu maghalani, mtu mnene mwenye sauti.

Clem akakata. Merv akamwambia anakata kama ananyoa kondoo aliyelala. Clem akamjibu kwamba kwa tumbo lile mnyama wa kunyolewa anamjua. Watu wakacheka, nami nikamwona Clem anacheka kwelikweli, mabega yamemshuka. Nadhani alikuwa amekusudia kukaa kidogo tu. Lakini kundi hili lina desturi yake: chakula kikiisha, kila aliyesafiri anasimulia wamefika wapi mwaka huo, na hakuna anayeruhusiwa kuinuka kabla wote hawajasema. Zamu ya Clem ilipofika akasimama na taji lake la karatasi la kijani, akasimulia safari nzima, na kila jambo la kuchekesha aliliweka mdomoni mwa Valma. Valma kasema hivi, Valma kanitukana vile. Joyce akafuta macho akasema Valma habadiliki.

Hapo feni ikasimama.

Kila mtu akapiga makofi. Ni jambo la kila Krismasi yenye marufuku ya moto: vikaango vyote na viyoyozi vyote vinakula umeme pamoja, kambi inazimika, mwenye kambi anakimbia na kaptula yake kuhangaika na boksi la umeme, wazee wanamcheka na kufungua bia nyingine. Merv akaanza kuhesabu kwa sauti kama mchezo wa ndondi.

Mimi nilikuwa namtazama Clem. Mkono wake ulikwenda mfukoni. Ukaenda mfuko wa pili. Ukarudi wa kwanza. Kisha akaanza kutembea, halafu akakimbia, mzee mwenye nyonga mbovu, na taji kichwani. Nilijua kabla hajafika. Ufunguo ulikuwa kwenye kaptula ya asubuhi, na kaptula ya asubuhi ilikuwa ndani, pamoja na Valma.

Karavani jua likiwa juu na kiyoyozi kimezima haichukui muda kuwa sufuria. Nilipofika, Clem alikuwa anapiga mlango kwa viganja viwili, anaita, Val, Val, fungua dirisha, mama, sukuma lile komeo. Madirisha yale yanafunguliwa kwa ndani tu. Mimi nina rundo la funguo za kambi kiunoni. Nilizijaribu zote ingawa nilijua hakuna ya kwake, kwa sababu mikono haikujua ifanye nini kingine. Ndani tulisikia kitu kinaanguka. Kisha kimya. Clem akaegemeza paji la uso kwenye bati lenye moto wala hakulitoa.

Merv alikuja na mtaimbo. Hakuuliza. Aling'oa kile chuma cha kufuli pamoja na kipande cha mlango.

Halafu wote wakasimama. Hawa watu hawaingii kwenye karavani ya mtu bila kualikwa, hata nyumba ikizama, na kwa dakika ile desturi iliwashika miguu. Nikampa Noelene mtoto, nikaingia. Valma alikuwa sakafuni kati ya kitanda na sinki. Alikuwa amevaa koti zito la sufu la Clem, amelifunga vifungo mpaka shingoni. Uso mwekundu, mkavu, hana hata tone la jasho.

Tulimlaza kivulini kwenye banda. Maji ya bomba yalikuwa ya moto, kwa hiyo tulimpoza kwa barafu ya kamba, tukaifunga kwenye taulo na kumwekea makwapani na shingoni, na harufu ya bahari ikatujaa wote. Mtu alikuwa ameshapiga simu. Clem alipiga magoti anampepea na kifuniko cha sanduku. Baada ya muda Valma akafumbua macho, akalitazama lile taji la kijani, akatabasamu.

"Mume wangu ana moja kama hilo," akamwambia. "Ukimwona mwambie nimemtafuta."

Clem akasema atamwambia.

Gari la wagonjwa lilikuja na wanawake wawili, vijana, wapole. Wakampima, wakamtundikia maji, wakasema usiku huu atalala hospitali mjini. Mmoja akauliza imekuwaje. Clem akasema alikuwa amelala, umeme ukakatika. Yule mwanamke akatutazama sisi. Merv alikuwa ameshaliokota kufuli na kulitia mfukoni. Niliona kaptula yake imening'inia upande mmoja. Joyce akasema ni joto, joto la leo ni la kuua. Wengine wakaitikia. Hata Noelene, aliyeshika mwanangu, Noelene wa mdomo ule, alitazama chini akampangusa Tilly mafua ambayo hayakuwepo. Waliyasema hayo kwa mapenzi. Sijawahi kuona watu wanampenda mtu namna ile, na kila neno lao lilikuwa linausogeza ule mlango ujifunge tena.

Mimi nami nilinyamaza. Ningesema nini? Ningekuwa namwondolea mzee mkewe, siku ya Krismasi, mbele ya nyama yake.

Walipomaliza kumpandisha Valma, Clem akawa wa mwisho kupanda. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kusini sasa, na vikombe vya karatasi vinabingirika chini ya meza. Aliweka mguu kwenye ngazi, akautoa. Akatutazama mmoja mmoja, wazee wenzake waliomjua tangu wana nywele, kisha akaniita mimi pembeni.

"Mama Tilly," akasema. "Leanne anafika kesho."

Nikasema najua.

"Nitamwambia ni umeme. Nimeshaanza, umenisikia. Hawa wataniunga mkono, hawatanitupa. Nikifika mbele ya mtoto wangu nitamdanganya, najijua, na atanikubali kwa sababu anataka kunikubali." Alilivua lile taji, akalikunja dogo, dogo tena. "Wewe husemi sana, lakini unaona. Njoo ukae na sisi hiyo kesho. Mlete na mtoto. Nikianza kudanganya, mwambie habari ya kufuli. Nakuomba, binti yangu, hata nikikukatalia mbele yake, hata nikikuita mwongo, mwambie."