Mlango wa Mzazi

Bi Zamzam alikuwa amechoka, na si kwa kazi. Kazi ameizoea. Tangu Hafidhi mwanawe hajaingia shule, yeye na cherehani yake wako kwenye baraza la duka la Shashikant, Mtaa wa Narung'ombe, anapinda kanga za wateja. Aliyemchosha ni mkwewe, Zulekha, mke wa huyo Hafidhi.

"Zulekha, kunywa uji mwanangu."

"Nimekunywa, mama."

"Umekunywa? Mbona bakuli limejaa? Uji umezaa?"

Zulekha akacheka kidogo, akainamia bakuli. Mapajani, kichanga chake Ridhiwani alivuta ziwa, akaachia, akalia. Maziwa hayashuki. Bi Zamzam amepika uji wa pilipili manga, amepika supu ya pweza, amemkanda kwa maji ya moto mpaka mikono yake mwenyewe ikawiva. Pweza wote wale! Hata ukuta ungekuwa umeshatoa maziwa.

Na mambo haya hayakuanza leo. Tangu mimba. Bodaboda ikipiga honi, binti anaruka. Usiku analala ameuelekea mlango, kandambili ziko tayari chini ya kitanda kama anayesubiri kusafiri. Kliniki, presha juu. Nesi Clotilda alimpumzisha kwenye benchi la nje, akampima tena, ikashuka. Ndipo akamuuliza, "Ulilelewa na nani, dada?"

"Na shangazi. Buguruni." Akatazama sakafu, basi.

Bi Zamzam alikereka. Wamekuja kupima presha, ukoo unaingiaje? Kwani binti ana shida gani? Hafidhi anatoka alfajiri kwenda bandarini, anarudi na mboga mkononi. Hampigi, hamnyimi, hamtukani. Wapo wanaolala na njaa na watoto wao wananona!

Juzi kwenye mzani nesi akasema wazi. Mtoto amepungua. Wakirudi wiki ijayo hajaongezeka, atalazwa hospitali. Bi Zamzam alirudi nyumbani anamwomba Mungu na kulaumu kwa pumzi moja.

Asubuhi akaendelea na taratibu zake. Mzazi wa arobaini haachwi ovyo. Nyumba yenyewe ya wapangaji, ukumbini wanapita watu wa kila namna, na jicho la mtu hulijui. Kwa hiyo kila akishamkanda mkwewe na kumwekea chakula na ndoo, alifunga mlango kwa kufuli kwa nje, akatia ufunguo kwenye pindo la kanga, akaenda kwenye cherehani mpaka adhuhuri. Yeye mwenyewe alifungiwa hivyo hivyo na mama mkwe wake, na aliuona ule mlango uliofungwa kama heshima.

Siku hiyo hata hakuwa amemaliza kanga ya kwanza, akamwona Leticia, mpangaji wa chumba cha mbele, binti wa Masasi, anakuja mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unafukuzwa?"

"Njoo ufungue, mama. Zulekha anahema kama mtu anayezama."

"Na hii kanga nimwachie nani kwenye sindano? Ee Mola wangu, huyu mtoto ataniua!"

Lakini alikwenda, tena kwa haraka. Alipofungua, Zulekha alikuwa sakafuni, mgongo umebana mlango hata ikabidi kuusukuma. Gauni limelowa jasho. Kitandani, Ridhiwani analia mpaka sauti imekauka.

"Nani kaingia?"

"Hakuna mtu, mama."

"Sasa unaogopa nini?"

"Maji."

"Maji gani? Ndoo hiyo kavu!"

Zulekha akapangusa uso. Akasimulia polepole, kama anayesimulia habari za mtoto wa watu. Shangazi yake alikuwa akienda sokoni anamfungia ndani, naye ni mdogo, hajafika darasa la pili. Akirudi mapema, sawa. Asiporudi, sawa vilevile. Siku moja mvua ilinyesha, maji yakaingia chini ya mlango, yakapanda mpaka kifuani. Alisimama juu ya meza anapiga kelele, hakuna aliyesikia kwa mvua.

"Mbona hukuniambia, Zulekha? Una mdomo!"

"Ningesemaje, mama? Unanifungia kwa wema. Na shangazi naye alisema ananifungia kwa wema."

Bi Zamzam akamchukua mjukuu wake, wakaenda kliniki watatu.

"Mwili una kumbukumbu yake, bibi," alisema nesi Clotilda. "Mtoto akikulia kwenye hofu, mwili unazoea kukaa tayari kukimbia. Akija kubeba mimba, akizaa, hofu ile inaweza kuamka hata kama akili inajua chumba ni kikavu. Na mama mwenye hofu, maziwa yanaweza kuwepo kifuani na yasishuke."

"Mimi nami nililelewa kwa fimbo, nesi. Mbona sikuwa hivi?"

"Si wote wanaokuwa hivi. Ulikuwa na mtu wa kumkimbilia?"

Bi Zamzam akamkumbuka bibi yake mzaa mama, na ile kanga yake iliyonuka moshi wa kuni. Akaudhika kwamba swali lina jibu.

"Basi niandikie dawa."

"Kuna mshauri, nitampeleka kwake azungumze naye. Nyumbani, atulie. Mtoto amweke kifuani mara kwa mara. Haitaisha kesho, bibi."

Haitaisha kesho! Arobaini yote ana mambo ya kupanga, na nesi anasema haitaisha kesho.

Siku iliyofuata Bi Zamzam alimwomba Shashikant ruhusa, akabebesha cherehani kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Akaiweka ukumbini, kando ya mlango wa mkwewe, mlango wazi, pazia tu. Ufunguo akamkabidhi Zulekha. Majirani walipochungulia, aliwakemea.

"Piteni! Salamu zinafika hata ukitembea. Mmewahi kuona mzazi au hamjawahi?"

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, mtoto alilia vilevile, na Bi Zamzam akakanyaga cherehani kwa hasira, mshono ukaenda upande. Ilipofika ya tatu, mchana, akasikia kitu nyuma ya pazia, akaondoa mguu kwenye pedali. Gu. Gu. Gu. Mtoto anameza.

Hakuthubutu hata kukohoa. Mara Leticia, uani, akaangusha sufuria. Zulekha akashtuka kwa nguvu, ziwa likamtoka mtoto mdomoni, kilio kikaanza.

Ya Rabi! Bi Zamzam akauma kanga yake. Maneno yalijaa mdomoni, akayameza yote.

"Sufuria ya Leticia hiyo, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nipo hapa."

Akangoja, mikono mapajani, kanga ya mteja inaning'inia kwenye sindano. Baada ya kitambo, gu. Akaendelea kungoja.