Pete ya Marie-Jeanne

Ukifika Mususa, mutaa wa Butembo, na kuuliza fundi wa pete, batu watakucheka kwanza. "Unatafuta Sikuli, ule wa pete za makunyanzi?" Kweli, pete za Sikuli hazikufanana na zile za Dubai zenye kung'ara mpaka macho inauma. Kila moja aliipiga yeye mwenyewe, akaiachia alama za nyundo, na hakutengeneza mbili za sawasawa hata siku moja. Bachumba walitoka mbali, Beni, kumutafuta. Alikuwa na kiburi, tuseme ukweli, mais kazi yake ilikuwa muzuri.

Pete yenye alipenda kupita zote ilikuwa ku kidole cha bibi yake, Marie-Jeanne, mama ya mutoto wake Nadège: zahabu ya machimbo ya Manguredjipa, tawi la kahawa lenye kuzunguka kidole, na majani yake madogo.

Halafu ugonjwa wa tumbo ukamushika Marie-Jeanne. Akakonda, akakonda, mpaka pete ikaanguka ndani ya sahani ya bugali. Sikuli aliogopa sana. Alijiambia: pete ikibaki ku kidole, na yeye atabaki. Akaipeleka ku atelier, chumba chake cha kazi nyuma ya nyumba, akakata kipande, akaunganisha na moto.

"Ni baridi tu, Mama Nadège," alimuambia. "Baridi ya Butembo inapunguza vidole."

"Eeh, baridi," Marie-Jeanne alijibu, akacheka. Yeye mutu mwenye kuzaliwa ndani ya baridi ileile!

Pete ikaanguka tena, akakata tena. Kila kukata kulikula jani. Na kwa sababu hakutaka alama ya kuunganisha ionekane ku pete ya bibi yake, alishinda siku nzima ameinama juu ya meza. Kumuogesha mugonjwa, kumukunywesha buji, kumugeuza ku kitanda, yote ilikuwa kazi ya jirani yao, Adèle, maana Nadège, mutoto wao, aliolewa mbali, Kasindi.

"Papa Nadège," Adèle alimugombeza, "bibi yako ndiye mugonjwa, hapana pete!"

"Adèle, acha nifanye kazi yangu."

Asubuhi moja pete ikaanguka chini ya kitanda. Sikuli akaiokota. Marie-Jeanne akamuita kwa sauti ndogo.

"Acha iyo pete, Papa Nadège. Nitaizungushia uzi, itashika. Ikala hapa kidogo, unishike mukono."

Sikuli akaangalia ule mukono, mifupa mitupu. Hakuweza kuushika, maskini. Ku meza yake alijua cha kufanya. Hapa hakujua kitu.

"Nakuya sasa hivi," alisema. "Niipunguze kwanza."

"Sawa," bibi yake akajibu, akageukia ukuta.

Jani moja tu ndilo lilibaki, na Sikuli hakutaka kulikata. Akatafuta njia ya kupita kando yake, polepole, mpaka saa sita ya muchana ikapita. Mvua ikapiga bati kwa nguvu. Adèle alimuita mara nyingi, hakusikia. Wakati alitoka na pete ndani ya kitambaa, bamama walikuwa wanalia ku lupango, pale mbele ya nyumba.

Adèle hakumugombeza.

"Alikuulizia sana," alimuambia. "Kisha alikuwa ananituliza mimi: Papa Nadège anakuya sasa hivi."

Sikuli akaikala ku kitanda, akamushika mukono. Ulikuwa bado na joto kidogo. Akamuvalisha pete. Ikaingia, ikashika, haikuteleza. Ilimuenea vizuri kabisa.