Jina la Kwanza la Merkada

Klara Navaro alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na watu wakadhani atatulia nyumbani alee paka kama wastaafu wenzake wa Istanbul. Thubutu. Alinunua kinasa sauti kidogo, akavaa viatu vya kutembelea, akashuka mtaa wa Balat kutafuta habari za Wayahudi waliokaa huko.

Balat ndiko tulikotoka sote, na siku hizi hatupo. Nyumba zimepakwa rangi kama pipi, na maharusi wa mbali huja kupigia picha kwenye ngazi ambazo bibi zetu walikalia kuchambua mchele. Klara hakugombana na maharusi. Yeye alitaka kujua nani aliishi nyumba ipi, nani alioka mikate ya Sabato, nani alimnunia nani na kwa sababu gani. Wazee aliwafuata huko walikohamia, Şişli na Galata na hata visiwani, akanywa chai yao, akala biskuti zao za ufuta mpaka sukari ikampanda.

"Kuuliza si ujinga," alikuwa akisema.

"Kuuliza kila kitu ni maradhi," mama yake humjibu.

Mama mwenyewe ndiye Merkada, bikizee wa miaka tisini, mfupi, mkali, mwenye masikio yanayosikia yanachotaka. Merkada maana yake ni Aliyenunuliwa. Kwetu, mtoto akizidiwa mpaka majirani wakaanza kunong'ona, mama yake humuuza. Jirani hutoa sarafu, humpokea mtoto, humpa jina hilo jipya. Mtoa roho akija na jina la zamani, haambiwi kitu, maana mtoto huyo hayupo tena. Huondoka mikono mitupu. Mtoto hurudi kulala kwa mama yake, lakini jina la kwanza halitamkwi tena, hata kwa bahati mbaya.

Siku moja walikuwa jikoni wakikatakata liki, jamii ya vitunguu, za kupikia kababu za nyama. Merkada akaweka kisu chini.

"Klara, unamtafuta kila mtu wa Balat. Mimi je?"

"Wewe si huyu hapa, Mama?"

"Huyu hapa ni Merkada. Aliyezaliwa alikuwa nani?" Akajifuta mikono polepole. "Niliuzwa na miaka mitatu, jina silikumbuki; mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na hakuwahi kunitajia. Aliogopa, maskini. Sasa na mimi nipo njiani. Nikifika huko akiniita kwa jina alilonipa yeye, nitajuaje kwamba naitwa mimi? Nitampita mama yangu kama mgeni barabarani."

Klara naye akaweka kisu chini. Mtaa mzima alikuwa nao kichwani, na hili la mama yake hakuwa amewahi hata kuliwaza. Aliona aibu, na pia, mtafiti ni mtafiti, alishaanza kuhesabu nani wa kumuuliza.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, Sultana Asseo, binti wa yule jirani aliyemnunua Merkada. Alimzidi Merkada kwa miaka sita na aliishi kwenye nyumba ya wazee, miguu imekufa ila ulimi uko palepale. Klara akaenda na keki ya malai, akaweka kinasa sauti mezani. Sultana alisimulia vizuri kabisa, mpaka alipoulizwa jina.

"Merkada mzima?"

"Mzima, Shangazi."

"Basi silijui."

"Unalijua."

"Nalijua, ndiyo maana silijui. Nilitaje, mwenye kazi yake asikie? Njoo akishazikwa, nitakwambia uandike kitabu chako."

"Na ukitangulia wewe?"

"Nani kakwambia naondoka? Kula keki, mwalimu."

Klara alirudi nyumbani amenuna, akamweleza mama yake neno kwa neno. Merkada alisikia yote, safari hii bila kurudiwa. "Niletee koti langu," akasema.

Kwenye nyumba ya wazee Klara akaweka tena kinasa sauti mezani, na wale wazee wawili wakakaa uso kwa uso. Tangu Merkada ahame Balat walikuwa wakisalimiana kwenye misiba tu.

"Umezeeka, Merkada."

"Wewe umeshaoza, dada."

Wakacheka mpaka Sultana akakohoa. Merkada akamshika mkono. "Niambie jina langu."

"Siwezi. Mama yangu alikununua, nilikuwepo. Ulipitishwa dirishani, umechemka kama jiko. Wewe ni mali yetu."

"Mama yako amekufa. Sasa mali ya nani?"

Sultana akafikiri. "Yangu. Mrithi ni mimi."

"Basi niuzie. Najinunua mwenyewe."

Klara alitaka kucheka, akajizuia. Sultana alikuwa akilipima jambo lile kama mtu aliyeombwa nyumba yake.

"Ukijinunua, kinga imekwisha," akasema taratibu. "Akija, hutakuwa na pa kujificha. Umeelewa?"

"Nimemchezesha karibu miaka tisini, Sultana. Hata mimi namhurumia."

Macho ya Sultana yakalowa. Akakinga kiganja. Merkada akafungua mkoba, akampa lira moja, na Sultana akaigeuza akiitazama. "Nimekuuza kwa hasara," akasema, akaitia mfukoni mwa sweta. Kisha akaashiria mezani. "Mwalimu, zima hicho."

Kidole cha Klara kilisita. Alilitaka jina lile kuliko kitu chochote alichowahi kukitafuta Balat. Akatazama uso wa mama yake, akazima.

Sultana akainama, akanong'ona. Merkada akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Si hivyo. Unanitajia kama karani. Niite kama alivyokuwa akiniita yeye, mimi nipo barabarani nacheza, chakula kiko tayari."

Sultana akavuta pumzi. Akamwekea mdomo sikioni, akaita kwa kuburuta, kwa sauti nyembamba ya mwanamke kijana, na Klara aliyesimama hatua mbili tu hakuambulia hata herufi.

Merkada akanyoosha shingo, kama mtoto aliyeacha mchezo.

"Abee, mama," akaitika. "Nakuja."