Mama wa Zamu

Harufu ya asumini iliyokauka ndani ya kanga ndiyo iliyonijulisha kwamba saa mbili asubuhi imefika. Watoto wenzangu katika makao yetu, nje kidogo ya Msambweni, waliijua saa kwa rimu ya lori iliyogongwa uani. Mimi niliijua kwa pua. Bi Mwanakombo alikuwa anaingia kazini. Tulikuwa na walezi watatu, wa asubuhi, wa mchana na wa usiku, nasi tukiwaita mama wa zamu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mimi nililelewa na mikono sita, na bado ziko jioni nyingi nilizokosa hata mmoja wa kuushika.

Likizo ya Agosti, nikiwa na miaka minane, mjomba alimfuata huyu, shangazi akamfuata yule, kila mmoja akaondoka na furushi lake. Nikabaki peke yangu katika chumba chenye vitanda kumi na viwili. Kila siku nilihamia kitanda kingine, nikijidai mgeni aliyekuja kutembelea watu. Kutwa nilisikiliza bati likilia kwa jua na kima wakikimbizana juu ya paa. Asubuhi tu ndiyo iliyokuwa na mtu. Bi Mwanakombo alinikalisha kando yake akikuna nazi, akanipa kifuu nikwangue kilichobaki, akaniita "mwanangu". Neno hilo nililichukua lote, sikulipunguza hata kidogo. Ikifika saa nane mchana alivaa champali zake za mpira, akaenda zake.

Siku moja nikazificha ndani ya lundo la makuti nyuma ya jiko. Niliamini mtu mzima hawezi kutembea peku barabarani, kwa hivyo angelala kwetu. Alizitafuta chini ya benchi, akazitafuta nyuma ya mlango. "Shetani wa leo anapenda viatu," alisema huku akicheka na kunitupia jicho. Nikajifanya nawatazama kima. Mara akaacha kucheka. "Nina mwanangu mgonjwa huko Milalani, ananingojea," akasema, akajifunga kanga, akatoka peku kwenye lami ya saa nane. Nilimwona akirukaruka kutafuta vivuli vya minazi. Sikuifikiria miguu yake. Nilichofikiria ni kwamba kumbe alikuwa na mwana mwingine, na kwa yule hakuwa na zamu. Nilimwonea wivu mtoto mgonjwa, na hata leo naona haya kuliandika jambo hilo.

Alfajiri nilizirudisha chini ya benchi. Alikuja na viatu vya kuazima, vikubwa, vidole amevifunga vitambaa. "Shikamoo," nikasema nikiangalia chini. "Marahaba, mwanangu." Akaziona. "Ukizificha tena nitakwenda peku tena," akasema, "lakini kesho yake nitakuja." Akanipa kifuu. Akaja kweli, miaka mitatu zaidi. Kisha ikafika asubuhi ambayo harufu ya asumini haikuja, wala hakuna aliyetueleza kwa nini. Niliinusa hewa ile mpaka mchana.

Siku hizi makao yale yana watoto wachache, kwani watu wameona kwamba mtoto hukua vizuri zaidi nyumbani. Mimi ni dobi katika hoteli moja ya Diani, na mwaka huu nimempokea Saumu, wa miaka saba, kutoka makao yale yale, kwa malezi ya kambo. Ana kitanda chake kimoja, ana wa kumsuka nywele, ana jina langu la kuandika shuleni. Nilidhani hayo yatatosha. Siku ya kwanza alimaliza wali wake, akanawa mikono, akaniuliza kwa adabu, "Mama, zamu yako inakwisha saa ngapi?"

Nililia mbele yake, sikuweza kujizuia. Kisha nikavua champali zangu nikamkabidhi. "Nenda kazifiche popote utakapo," nikamwambia. Alitoka nazo mbio. Kila siku nakwenda kazini kwa viatu vingine na kila siku narudi, na zile mpaka leo sijazitafuta.