Mzee Muniru Apiga Hodi

Mzee Muniru alikuwa mbishi, jamani, mbishi hasa, Tororo nzima inajua. Ujana wake aliumaliza kwenye mikokoteni ya ng'ombe, akisomba pamba kutoka Nagongera, na jasho lake lote likaishia kwenye nyumba moja ya mabati karibu na msikiti. Mwaka ule Waingereza walipokuwa wakijenga kiwanda cha saruji, miguu ikamkatalia kabisa. Aliyemwogesha, akamlisha, akamwinua na kumlaza, ni binti yake Fauziya, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume.

Lakini roho ya mzee haikutulia. Wanawe wa kiume walikuwa na malori yao, na alijua fika kwamba akifumba macho tu, nyumba itauzwa wagawane, Fauziya apewe kafungu kake kadogo ka mwanamke, kisha atangetange akitafuta pa kulala. "Yaani huyu anayenifulia mashuka ndiye akose paa?" alikuwa akifoka peke yake. "Thubutu!"

Basi siku ya Idi, pilau ikiwa bado mezani, akatangaza mbele ya wote: nyumba ni ya Fauziya, hiba, zawadi yake yeye baba akiwa hai. Wakapiga makofi, hata Swaliki, mwanawe mkubwa. Usiku ule mzee alilala fofofo.

Shehe Mutwalibu wa msikitini ndiye aliyemtibua. "Mzee, umetoa kwa mdomo tu. Maadamu kitanda chako kimo ndani na ufunguo unao kiunoni, nyumba bado yako. Ukifa leo, ni urithi huo, wanagawana."

"Sasa nifanye nini?"

"Toka, wewe na vitu vyako vyote. Mkabidhi mbele ya mashahidi. Akikukaribisha, utakaa kama mgeni wake."

"Na asiponikaribisha?"

Shehe akakuna ndevu. "Hakuna wa kumlazimisha."

Chakula kikawa hakimpiti mzee. Kumpenda binti yake anampenda, lakini uzee unatisha, na mtu asiye na miguu wala nyumba amebakiwa na nini? Hata hivyo Ijumaa, watu walipotoka kusali, akapiga kelele: "Haya, nitoeni!"

Wakamtoa na kitanda chake, birika, mikeka, hata chungu chake cha kukojolea, mtaa mzima ukitazama. Akiwa kwenye kiti juani, akaufungua ufunguo kiunoni akampa binti yake. Fauziya akaingia, akafunga mlango.

"Hodi!" mzee akaita.

Mlango ukafunguka papo hapo. Fauziya alikuwa analia. "Baba, mbona wanifanyia hivi? Ingia kwako!"

"La, la!" Shehe akadakia. "Si kwake tena. Fauziya, sema 'kwangu'."

"Siwezi. Ni kama namzika akiwa hai."

"Mnaona?" Swaliki akawahi kusema. "Mwenyewe hataki."

Mzee akamtazama binti yake, na hofu yote ikamtoka, ikabaki huruma. Alikuwa akimwogopa bure. Huyu hakutaka nyumba, alimtaka baba yake.

"Fauziya, mwanangu," akasema polepole, "hodi. Mimi ni mgeni, sina pa kulala."

Fauziya akajifuta uso kwa leso. Akasema, mashahidi wote wakisikia:

"Karibu kwangu, Baba."

"Ahsante, mwenye nyumba," mzee akasema. "Chai ipo?"