Bwana Mpunga na Volvo ya Sista

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa spana. Foremani alinipa timazi, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni ambao waashi hutumia kunyoosha kuta, akaniambia nisimame mbele ya gari niseme kama gurudumu limesimama wima. Nilitazama nikasema limesimama.

"Imesimama kama mlevi," akasema Foremani. "Angalia tena, Otieno. Hapa hatuangalii na haraka."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika gereji moja ya eneo la viwanda mjini Kisumu. Kazi yetu ilikuwa kunyoosha magurudumu ya mbele, kazi ambayo kila mtu huiita alaimenti. Hatukuwa na mashine ya taa inayopima kwa mwanga. Tulikuwa na timazi, pimamaji, sahani mbili za chuma zilizopakwa grisi ili magurudumu yazunguke juu yake, na uzi wa nailoni wa wavuvi, ambao tuliuvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele kila upande. Ule uzi haurefuki ovyo ukivutwa, na ukikatika unaupata kwa bei ya soda pale ufuoni.

Mambo ya kupima yalikuwa matatu, na nitayaeleza jinsi nilivyoelezwa. La kwanza ni toini: magurudumu yanatazamana kidogo kwa mbele, kama mtu anayetembea vidole vya miguu vikielekea ndani. Ikizidi, tairi linalika kama limepigwa msasa. La pili ni kemba, mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele. Gari huelekea upande ambao magurudumu yameegemea. La tatu ni kasta, na hili ndilo lililonichukua muda kulielewa. Tazama uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, umelala. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda mbele. Gari nalo liko hivyo. Kasta ikipungua, usukani unakuwa mwepesi lakini gari linatangatanga. Ikizidi, gari linanyooka lakini mikono inachoka. Kasta za kushoto na kulia zikitofautiana, gari linavutwa kuelekea upande wenye kasta ndogo.

Foremani alikuwa mtu wa Vihiga, mfupi, mwenye sauti ya kwaya, na alikuwa na sheria moja: "Magurudumu ya mbele ni mapacha." Kipimo cha kulia kiwe ndicho cha kushoto. Alikuwa pia na desturi yake. Kabla ya kupima, aliweka gunia la mpunga wa Ahero kwenye kiti cha dereva, kwa sababu gari tupu hukaa juu kuliko gari lenye mtu. Gunia hilo lilivalishwa kofia kuukuu ya mlinzi na kuitwa Bwana Mpunga. Wateja walilisalimia. Kwa miaka mingi Bwana Mpunga aliendesha kila gari lililopita mikononi mwetu, la mnene na la mwembamba.

Baada ya muda Meneja wa gereji alinipeleka Ahero kutunza pikapu za mteja wetu mmoja aliyebeba mpunga. Kule nilinunua kitabu cha saspensheni kwa muuza vitabu vikuukuu, nikawa nakisoma jioni kwa msaada wa kamusi, sura moja mara nyingi mpaka ikubali. Kitabu na zile pikapu vilinifundisha jambo moja: pikapu iliyonyooka ikiwa tupu haikunyooka ikiwa na magunia. Niliporudi Kisumu nilimweleza Foremani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamvika Bwana Mpunga kofia yake.

Miaka ya tisini ilipoanza ndipo akaja Sista Adhiambo. Alikuwa nesi aliyestaafu, mwanamke mwembamba anayeongea taratibu, na gari lake lilikuwa Volvo 122 ya miaka ya sitini aliyoachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa gari zuri. Mikono yake ya juu ya saspensheni imefungwa kwa boliti zenye vibati vyembamba nyuma yake, na kwa kuongeza au kupunguza vibati hivyo unarekebisha kemba na kasta. Magari mengi ya siku zile hayakukupa nafasi hiyo.

"Inavuta kushoto," alisema Sista. "Juzi nikitoka Bondo, hapo Otonglo, imenitoa barabarani. Nusura nilale juu ya nyanya za mama wa watu."

Kila mwezi alikwenda Bondo kumchukua mama yake na kumleta kliniki Kisumu. Mama huyo, ambaye sisi sote tulikuja kumwita Dani, yaani bibi, alikataa katakata kupanda gari lolote jingine. Mwanawe Sista, Ochieng', alikuja naye gereji siku hiyo.

"Mama, hii ikirudi kuvuta mara moja tu, nauza," alisema Ochieng'. "Sitaki kuitwa kazini niambiwe mko kwa mtaro."

"Na nyanya yako atakuja kliniki na nini?"

"Atapanda matatu kama watu."

"Mwambie wewe mwenyewe," alisema Sista. "Mimi naogopa."

Tulimweka Bwana Mpunga kitini, tukapima, tukasawazisha vibati mpaka kulia kukawa sawa na kushoto. Foremani aliliendesha hadi Kisian na kurudi akiwa ameachia usukani, kama baiskeli. Lilinyooka. Sista alilipa akaenda zake.

Mwezi uliofuata alirudi, safari hii na Dani ndani. Hakuzima injini.

"Kwenda ilikuwa sawa kidogo," alisema. "Kurudi ilivuta vilevile. Ochieng' anakuja jioni. Nimeahidi kumpa funguo."

Foremani alizunguka gari akitafuta pancha, boliti iliyolegea, breki iliyoshika. Hakuona kitu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, mahali niliposimamishwa siku ya kwanza, na nikaona taa mbili za mbele haziko kimo kimoja. Volvo ilikuwa imeinama kushoto. Dani alijaza kiti chake vizuri; Sista kwenye kiti cha kulia alikuwa kama mkoba ulioachwa hapo. Na barabara zetu zina mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, kwa hiyo anayeendesha kushoto tayari yuko mteremkoni kidogo. Gari linainama kushoto, barabara inainama kushoto, magurudumu yanaegemea kushoto. Sisi tulilinyoosha kwa dereva wa gunia zima asiye na abiria.

Nilimvuta Foremani kando nikamwambia.

"Sawa," alinong'ona. "Na nani atamwambia mama mzee kwamba ni yeye anavuta gari?"

"Nimesikia," alisema Dani kutoka ndani. "Ni mimi?"

Foremani aliinama akakagua tena tairi.

"Nimekula ngege na samaki wote wa ziwa tangu nizaliwe," alisema Dani. "Mlitaka niwe kama huyu?" Akamwonyesha binti yake kwa kidole gumba, akacheka mpaka Volvo ikatikisika, nami nikapata nafasi nzuri ya kuona springi zikifanya kazi.

Tulimwomba akae hapo hapo. Nilipima kimo cha bodi juu ya kila gurudumu nikaweka alama za chaki. Kisha wote wawili wakashuka, kwa sababu huwezi kupiga jeki gari lenye mtu. Bwana Mpunga alihamishiwa kiti cha abiria. Bodi haikufika kwenye chaki. Tukaongeza sanduku la spana.

"Bado?" aliuliza Dani kutoka kwenye benchi.

"Bado kidogo, Dani."

"Ongeza!"

Tuliongeza betri ya lori. Upande wa dereva tuliweka magurudumu mawili tu ya akiba. Ilipofika hatua ya kasta nilisimama, maana nilichotaka kufanya kilikuwa kinyume na sheria ya gereji: kuupa upande wa kushoto kasta kubwa kidogo kuliko wa kulia, ili gari livutwe kulia kiasi kile kile ambacho Dani na barabara wanalivuta kushoto.

"Hao si mapacha tena," alisema Foremani.

"Hapana, mzee."

Alisogea mbele ya gari akatazama taa zote mbili. "Weka," akasema.

Jioni Ochieng' alikuja kuchukua funguo. Mama yake alimpa, akamwambia aendeshe, nyanya yake kando yake, Sista kiti cha nyuma. Walikwenda hadi Otonglo. Waliporudi, Ochieng' alimrudishia mama yake funguo, na Dani alisema kwa niaba yake: "Ameachia usukani. Mimi nilifunga macho."

Volvo ilikwenda Bondo na kurudi miaka kadhaa; safari ya kwenda, bila Dani, ilivuta kulia kidogo, na Sista aliizoea. Kisha asubuhi moja Sista aliingia gereji peke yake, amevaa nguo nyeusi. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi gari lilivyokaa.

"Inavuta kulia," alisema.

Nilimwambia tutalirekebisha saa hiyo hiyo. Alitikisa kichwa. Mwili wa Dani ulikuwa umetangulia Bondo na waombolezaji walimsubiri yeye.

"Yule mtu wenu wa gunia bado yuko?" aliuliza. "Niazime nimweke hapa kando. Inyooke mpaka nifike."

Foremani mwenyewe ndiye aliyembeba Bwana Mpunga. Alimvua kofia, akamlaza kwenye kiti cha abiria, akafunga mlango polepole.

Baada ya wiki chache Sista alirudi na kiti kitupu. "Mtu wenu wa gunia amebaki Bondo," alisema. "Kuku wa mama wamemla. Sasa pima mimi peke yangu."

Akapanda, akashika usukani, nami nikachora chaki.

Nimestaafu kwa sababu ya mgongo. Gereji nyingi za Kisumu sasa zina mashine ya taa, inayosoma kemba na kasta kabla sijapata miwani yangu, na siionei wivu. Vijana wakija nyumbani kuuliza waanzie wapi gari likiwashinda, nawauliza kwanza: mmemuuliza mwenye gari huwa anaketi na nani humo ndani?