Kitanda Ndani ya Gari

Nakumbuka siku niliyopanda juu ya gari letu kuukuu pale Nyakoe, nikifunga paneli mbili za sola kwenye keria, huku mke wangu Kerubo akinitazama kupitia dirisha la chumbani. Hakuweza kutoka, mwanangu. Moshi wa jikoni ulikuwa umemharibu mapafu, na sasa aliishi kwa mashine ya oksijeni: mpira mwembamba puani, mashine kwenye soketi ukutani. Pasipo umeme hakuweza kukaa.

Na kwa mama yake, kule Nyaramba, umeme haukuwa umefika. Mama alikuwa mzee, hafungi safari tena, na baada ya miaka bila kumwona Kerubo, habari zilitufikia kwamba anauliza kwa nini bintiye amemsahau; ugonjwa alikuwa ameusikia, lakini habari za mashine hakuzijua.

Ndiyo maana nikaligeuza gari kuwa chumba. Nilitoa viti vya nyuma nikaweka kitanda chetu. Betri niliifunga kwa mikanda chini ya kitanda, isihame kwenye kona za milima yetu. Kando yake fundi akaweka inveta, ile inayougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Tundu la waya tukaliziba vizuri, maana huku mvua ya alasiri haikosi. Kisha tukamlaza Kerubo humo mchana kutwa, tukijaribu. Jioni ilipofika mashine ingali inanguruma, alinishika mkono akasema, "Baba Moraa, nipeleke kwa mama."

Tulifika Nyaramba jua likiwaka. Mama alitoka na fimbo yake, akaja mbio mbio kwa kadiri alivyoweza, halafu akasimama ghafla mbele ya mlango wa gari. Unaijua heshima ya kwetu: mama mkwe hakaribii kitanda cha mkwewe. Na humo ndani hapakuwa na pa kukaa ila kitandani. Nilijitenga, nikaenda kusimama karibu na zizi, lakini bado hakusogea. Kerubo naye hakuweza kushuka, mpira haukufika nje.

Wakazungumza hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, kwa kupaza sauti. Kerubo akawa anaishiwa pumzi katikati ya maneno. Mvua ikaanza. Shangazi yake Kerubo akaleta mwavuli.

"Wifi, twende nyumbani," akamwambia mama. "Umemwona, inatosha."

Mama alikuwa akitazama pua ya binti yake. "Huo mpira ni wa nini?"

"Ndio unaonipa pumzi, mama. Siwezi kwenda mahali bila huo."

"Kumbe ulikuwa umefungwa," mama akasema, "nami nikadhani umenikataa."

Akampa shangazi ile fimbo, akashika mlango.

"Hicho ni kitanda cha mkweo!" shangazi akapiga kelele.

"Ni kitanda cha mtoto wangu mgonjwa," mama akasema, akapanda.

Yaliyosemwa humo siyajui, wala sikuuliza. Nilisikia mvua ikipiga paneli, na mara moja nikamsikia Kerubo akicheka, kicheko ambacho nyumbani kwetu kilikuwa kimepotea. Lakini wingu lilikuwa zito na betri ikawa inapungua. Niliwaacha mpaka nikaogopa, ndipo nikakohoa kwa mbali. Mama akashuka uso umelowa. Bila kunitazama akasema, "Mkwe wangu, mrudishe salama."

Nilimrudisha salama. Lakini hatukwenda tena. Kerubo alifariki mvua zile zile hazijaisha, tukamzika Nyakoe. Mama hakuweza kuja. Alinitumia neno tu: kwamba analia, lakini analala, kwa sababu alimshika.

Mwanangu, ishike heshima uliyofunzwa, maana ndiyo inayotuweka pamoja. Lakini siku itakapokusimamisha mvuani huku mtu wako anaishiwa pumzi, iweke kando, uingie. Ya kuombana radhi yatafuata. Na ukiambiwa fulani amekusahau, usimweke moyoni kwa uchungu. Mwendee, uone kilichomzuia. Mimi nimeona miaka ya kununa ikiisha kwa swali moja dogo, na nimeona pia jinsi muda uliobaki ulivyokuwa mfupi.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe kwa watu wako wangali hai. Amina.